Kitako cha Mashine ya Kamari

Nyinyi vijana mnaokuja kwenye banda langu la ufundi, hapa Gisenyi, njia ya Petite Barrière, mpaka wa kwenda Goma, mmenipa jina la Mstaafu. Nina miaka thelathini na mbili. Mgongo haujainama, meno yote yapo, na bado mnanisalimia kwa sauti ya kumsalimia mtu anayesubiri pensheni. Sikatai. Nilifanya kazi moja kwa miaka sita, nikaiacha bila kutazama nyuma, na aliyeacha kazi namna hiyo ni mstaafu hata kama bado anatokwa na chunusi.

Mnaleta simu zilizoanguka ziwani, redio za bibi zenu, pasi zilizoungua. Kisha, nikiwa nimeshika bisibisi na siwezi kukimbia, mnauliza swali lenu: "Mustaafu, zile mashine za kamari kwenye meli za watalii, zinaibaka ao haziibake?" Yaani, huwa zinawaibia watu au la.

Leo najibu kwa maandishi. Aya ile ya kwanza nimeiandika mara tisa, na hata sasa kuna mkato mmoja unaoninyima raha. Nauacha. Kwa mtu kama mimi huo ni ushujaa, tafadhali nipigieni makofi.

Umeme nilijifundisha mwenyewe, kwa redio zilizokufa na vitabu visivyo na jalada. Sina cheti hata kimoja. Nilikuwa natengeneza feni kwenye hoteli moja ya ufukweni hapa mjini, mgeni mmoja akanikuta nimezipanga skrubu zangu kwa urefu, kutoka ndogo hadi kubwa, kila moja na kivuli chake nimekichora kwenye karatasi. Alicheka, halafu akaacha kucheka. Akaniambia kwenye meli za watalii wanatafuta watu wenye ugonjwa kama huo. Nikaomba kazi. Siku ya usaili, kwa kioo cha simu, waliniuliza ningefanya nini kama mashine ingezimika mbele ya mteja. Nikajibu: ningewaomba radhi wote wawili. Wakanichukua.

Nyumbani kulikuwa na Shangazi Furaha, dada wa baba, ndiye aliyenilea. Mnamjua, ni yule anayevuka kwenda Goma na viazi vya Mudende, sauti yake inafika upande wa pili kabla ya kitambulisho chake. Nilipomwambia nakwenda kufanya kazi melini, akaacha kuchambua viazi.

"Meli? Ile yenye kwenda Kibuye?"

"Hapana, Shangazi. Hii ni kubwa kuliko soko."

"Na ziwa yake, ng'ambo inaonekana?"

"Haionekani."

"Basi usiende. Maji yenye haina ng'ambo, mi siiaminie."

Nilikwenda. Wiki ya kwanza nilitapika kwa utaratibu, asubuhi na jioni, na baada ya hapo nikaingia kasino. Mama wee! Taa zinazokimbizana, kengele, vinanda, mashine mia na zaidi zinazoimba kila moja wimbo wake, na mimi nina funguo za matumbo yao yote. Nilikuwa kama mbuzi aliyeachiwa shamba la kabichi. Hadi leo nikikumbuka harufu ile ya zulia jipya na waya wenye joto, nacheka peke yangu.

Mwalimu wangu aliitwa Dante, Mfilipino mfupi aliyevaa miwani mbili, moja machoni na nyingine kichwani. Somo lake la kwanza lilikuwa: acha kuomba radhi. Maana mimi kila nilipoona mtu amepoteza nilimsogelea, mikono nyuma, nikasema, "Pole sana, baba. Pole sana, mama." Siku ya tatu bwana mmoja akaenda kulalamika kwa wakubwa kwamba kuna mtumishi anamfuata kasino nzima na kumfariji kana kwamba yuko msibani.

Somo la pili lilikuwa kitambaa. Sehemu inayomeza noti hukwama kwa vumbi kuliko kwa ubovu. Pangusa kwanza, fungua baadaye. Mafundi wengi hufungua kwanza kwa sababu kufungua kunaonekana ni kazi kubwa. Hilo linafaa hata kwa simu zenu. Nusu ya zile mnazoniletea "zimekufa" zina uchafu wa mfukoni kwenye tundu la chaja, nami nazifufua kwa kijiti cha meno, mnaniita daktari.

Sasa kosa langu kubwa. Ketini vizuri.

Mimi siwezi kulala kama kitu hakiko sawa. Kwa hiyo nilinunua daftari nikaanza kuandika, kila nilipopata nafasi, mashine ipi imetoa na ipi haikutoa. Sikutumwa na mtu. Baada ya wiki kadhaa niliona mashine namba kumi na saba, yenye picha za samaki, inatoa kidogo kuliko jirani zake. Nikajiambia: hii imeharibika, inawaonea watu, na fundi wake ni mimi! Asubuhi moja tukiwa katikati ya bahari, bila kumwambia Dante, nikaizima na kuibandika kibao: HAIFANYI KAZI.

Saa moja baadaye kulikuwa na foleni mbele yake.

Naapa. Foleni ya watu wazima, wengine na viti vyao. Habari zilikuwa zimetembea meli nzima kwamba namba kumi na saba imefungwa kwa sababu imeshiba mno, wenye meli wanaogopa itatapika. Bibi mmoja aliishika ubavuni kama mkunga. Mzee mmoja akaninong'oneza, "Kijana, ikikaribia kufunguliwa nipigie simu chumbani." Nilipowaambia ni mbovu tu, wakakonyezana. Kadiri nilivyokana ndivyo foleni ilivyorefuka, mpaka wakaongezwa wahudumu wa kupitisha vinywaji.

Dante alikuja, akatazama foleni, akatazama kibao, akashusha miwani ya kichwani juu ya ile ya machoni. "Nani aliyefanya hivi?" Nikainua mkono kama shuleni. Akanipeleka nyuma, akafungua mashine nyingine, na ndipo nilipofundishwa kile mnachotaka kujua.

Ndani ya mashine kuna kifaa kidogo kinachochagua namba bila kupumzika, hata kama hakuna anayecheza, maelfu na maelfu. Ukibonyeza kitufe, inachukuliwa namba iliyopo wakati huo huo, na mchezo umekwisha. Yale magurudumu yanayozunguka baadaye ni maonyesho. Matokeo yameshaamuliwa kabla hayajasimama. Mashine haikumbuki umekaa kwa muda gani. Haishibi, haina njaa, haina mimba. Haijui wewe ni mjane au tajiri, umevaa kanzu au kaptula. Kifaa hicho kimefungwa kwa utepe wa muhuri, na kukigusa kunahitaji funguo mbili na sahihi za watu wawili. Kwa miaka sita sikuona mkono wa mtu ukiingia mle kumbana mchezaji fulani. Daftari langu lilikuwa fupi mno. Ningeliandika hadi uzeeni ningeona namba kumi na saba inalingana na jirani zake.

"Kwa hiyo ni ya haki?" nikamuuliza.

"Ni sawa kwa wote," Dante akajibu, akafunga mlango.

Angalieni jibu hilo. Mimi sikuliangalia. Nilikuwa na furaha mno. Nilirudi kwenye sakafu nikiwa mwepesi, nikang'oa kibao, watu wakashangilia, mzee wa simu akakimbilia kiti. Akapoteza kila kitu alichokuja nacho asubuhi ile, akaondoka akisema, "Ilikuwa karibu!"

Likizo yangu ya kwanza nilirudi Gisenyi na cherehani. Mpya, nyeusi, yenye maua ya dhahabu ubavuni. Ni lazima mjue kwamba Shangazi Furaha alikuwa mshonaji, na nilipokuwa mdogo aliuza cherehani yake ili mimi nisome. Shule yenyewe sikuimaliza. Basi mnaweza kuelewa nilivyoibeba kutoka kituo cha mabasi, mimi mwenyewe, kichwani, nikikataa pikipiki nne.

Aliizunguka. Aliigusa gurudumu kwa kidole kimoja. Macho yake yaling'aa, nawaambia kweli, kwa muda wa kuvuta pumzi moja.

"Umeinunua na mushahara ya zile mashine za kamari?"

"Ndiyo, Shangazi."

"Zinaibaka watu?"

"Mimi natengeneza tu."

"Sikukuuliza kama unatengeneza. Zinaibaka ao haziibake?"

Nikainama kufuta vumbi la njiani kwenye maua ya dhahabu.

"Bon. Siku utakuwa na jibu, njo ile siku nitashona."

Akaifunika na kitenge, akaweka juu yake chombo cha maua ya plastiki. Miaka mitano ikasimama hivyo sebuleni kama maiti ya mtu mashuhuri. Nguo zake alizipeleka kwa fundi Goma. Kila likizo niliingia nyumbani nikitazama kwanza kitenge kile, na kila likizo kilikuwa kimepigwa pasi.

Sasa nafika mahali nisipopapenda, nitapita haraka kama mtu anayevuka mbele ya mbwa.

Safari moja tulikuwa na abiria aliyeitwa Madame Odile, mwalimu mstaafu wa jiografia, mjane. Alinipenda kwa sababu nilimsemesha Kifaransa, na kwa sababu alitaka kujua nchi isiyo na bahari inawezaje kutoa baharia. Nilimchorea Ziwa Kivu kwenye karatasi ya kufutia mikono, na maji ya moto ya Nyamyumba, na mpaka unaopita katikati ya majirani. Alicheza kwenye namba kumi na saba kila siku, taratibu, akiwa amefunga mkoba magotini. Siku ya pili ya safari akanigeukia, akaniita kwa jina langu.

"Aimable, wewe unayeifungua tumbo. Niambie ukweli. Ni ya haki?"

Dante alikuwa hatua tatu nyuma yangu. Msimamizi alikuwa anapita. Na mimi nilijua. Kufikia mwaka wa sita nilijua vizuri kabisa. Ningeweza kusema: ni sawa kwa wote, lakini imepangwa irudishe pungufu ya inachomeza, na pungufu hiyo ni kiasi gani wewe hutaambiwa. Maneno machache tu. Badala yake nikatabasamu kwa meno yote.

"Ni ya haki, Madame. Nakuhakikishia."

Alinipapasa mkono. Siku ya mwisho aliniletea kadi yenye picha ya mji wake na anwani nyuma, akasema, "Ulinipa amani. Nilicheza kwa utulivu kwa sababu yako." Hakuwa analia, hakuwa ameharibikiwa, msifikirie sinema. Lakini alikuwa amecheza kila siku, zaidi ya alivyopanga, aliniambia mwenyewe akicheka. Nilipotia kadi ile mfukoni ilikuwa nzito kama bamba la chuma. Mkataba ulipokwisha sikuongeza mwingine.

Kwa hiyo nikarudi, nikafungua banda, na swali la Shangazi lilikuwa linanisubiri juu ya ile cherehani. Nilijaribu kumweleza kuhusu kifaa cha kuchagua namba. Akasema, "Unasema kama mutu ya serikali." Ndipo nikaamua kumtengenezea mashine.

Jamani, nilifurahi! Nilipasua kreti za viazi, nikakata magurudumu matatu ya mbao, nikayafunga kwenye ekseli na gololi za baiskeli iliyokufa. Kwenye kila gurudumu nilichora picha kumi za aina nne: kiazi, nyanya, kitunguu, na isambaza, wale samaki wetu wadogo wa ziwani. Nikapigilia misumari pembeni na ulimi wa mpira wa tairi, ili yakizunguka yalie tik-tik-tik-tik yakipoa. Picha za isambaza nilizichora upya mara sita kwa sababu samaki mmoja alionekana ana huzuni. Badala ya fedha, maharagwe: weka moja, zungusha, picha zikilingana unalipwa mengi.

Jumapili mchana nikaiweka uani. Shangazi alikuwa na rafiki yake Mama Neema, mwanamke wa Cyanzarwe anayevuka naye kila siku, mcheshi mpaka askari wa mpakani humngoja. Niliwapa kila mmoja bakuli la maharagwe. Dakika kumi baadaye ua wetu ulikuwa kasino.

"Isambaza tatu! Ayi we! Mulipe, mulipe!" Mama Neema alikuwa anacheza ngoma ya mwaga kuzunguka mti wa parachichi, khanga begani.

"We Neema unasukuma na kiuno, ni makosa!"

"Basi na we sukuma na yako kama ungali nayo!"

Shangazi alizungusha. Isambaza, isambaza, kitunguu. "Nilikuwa karibu!" alipiga kelele, na mimi nikasisimka mwili mzima, maana ndiyo maneno ya yule mzee wa meli, kwa sauti ile ile. Akaongeza haragwe. Akaongeza jingine. Bakuli lake likaisha. Akachota kwa Mama Neema bila kuomba. Nalo likaisha.

Ndipo akasimama, mikono kiunoni, akaitazama mashine jinsi anavyomtazama muuzaji.

"Geuza," akasema.

Kwa wale ambao hamjawahi kununua unga au maharagwe upande wa pili: kule wanapima kwa kopo. Na wapo wauzaji wanaolipiga kopo kitako kwa jiwe mpaka kinaingia ndani. Likijazwa, juu linaonekana limejaa kama makopo mengine, hata wanakuongezea kilima kidogo cha urafiki. Kwa hiyo mnunuzi mzoefu, kabla ya kitu chochote, analichukua kopo na kuligeuza. Siyo matusi. Ni salamu ya sokoni. Shangazi Furaha amegeuza makopo maisha yake yote.

"Geuza hii machine yako. Nataka nione kitako."

Nikafungua mbao za nyuma. Nikamwonyesha picha zote, moja moja, na jinsi nilivyohesabu kila namna ambayo magurudumu matatu yanaweza kusimama. "Nimeipanga hivi, Shangazi: katika kila maharagwe kumi yanayoingia, ukicheza muda mrefu, tisa yanarudi. Moja linabaki."

Midomo yake ikatembea, akihesabu.

"Donc, basi hakuna mukono inanibana mi peke yangu?"

"Hakuna. Kopo ni moja kwa wote."

"Lakini kitako kimepigwa."

"Kimepigwa."

"Na ile ya meli?"

"Vile vile. Kopo moja kwa wote, na kitako kimepigwa. Kimepigwa kiasi gani, mwenye meli ndiye anajua. Mchezaji haruhusiwi kugeuza."

"Na akikataa, anaenda kwa muuzaji mwingine?"

"Katikati ya bahari, Shangazi? Aende wapi?"

"Aende kwa samaki!" Mama Neema alicheka mpaka akakaa chini.

Shangazi hakucheka. "Kuna mutu alikuomba umugeuzie?"

Nikamweleza habari ya Madame Odile, nikiokota maharagwe ili nisimtazame. Nilipomaliza yalikuwa yamebaki matatu, nikayaokota polepole sana.

"Ulimupa jibu nusu," akasema.

"Nusu."

"Mwana wa kaka yangu, machine haikuiba. Mi nanunuaka kwa kopo yenye kupigwa kila siku, nikishaiona nasema sawa, ao nasema hapana. Mwenye kuiba ni ule anashika kopo mukononi anasema, 'Mama, usigeuze, ni nzuri.'" Akanyoosha mkono. "Adresi yake iko wapi?"

Niliandika barua ile kwa Kifaransa mara kumi na moja. Mara ya tatu ilikuwa na kurasa tano na mchoro. Mara ya nane ilikuwa na neno "pardon" mara nyingi kiasi kwamba ilifanana na mashine iliyokwama. Shangazi alisimama mlangoni. "Unaandika ao unapamba?" Ile ya kumi na moja ilikuwa na doa la wino pembeni, nilitaka kuinakili upya, akaninyang'anya, akaitia kwenye bahasha, akaifunga kwa ulimi wake mwenyewe. Ndani ilisema mambo mawili tu: mashine ilivyo, na kwamba nilijua nikaficha. Akapanda pikipiki kwenda posta akiwa ameishika kifuani.

Jibu halijafika. Huenda Madame Odile alihama, huenda ananicheka, huenda amekasirika na ana haki. Nimekubali kutojua, na nyinyi mnaonijua mnajua hiyo imenigharimu usingizi kiasi gani.

Kwa hiyo, vijana, jibu lenu ni hili, zima, siyo nusu. Mashine za melini hazikuchagui wewe ili upoteze. Kwa maana hiyo hazina upendeleo. Lakini zimepangwa zibaki na sehemu, na mtu anayekaa muda mrefu ataiacha sehemu hiyo pale, na baharini hakuna duka la pili wala anayekuonyesha kitako. Mimi siwezi kuita hiyo haki. Haki ni kopo ninaloruhusiwa kugeuza. Na hizi zilizofunguliwa mjini kwetu, mnazoingia mkitoka kwangu na simu zenu zilizofufuka, ulizeni hivyo hivyo: nionyesheni kitako. Wakitabasamu kwa meno yote, nalijua tabasamu hilo, nimelivaa.

Ile ya mbao iko hapa bandani, na mgongo wake sijaufunga tena. Maharagwe ni bure. Mkimaliza mrudishe, maana ni chakula.

Siku ile Shangazi alirudi kutoka posta jua likiwa bado juu. Alitoa chombo cha maua akakiweka chini. Alivuta kitenge, akakikunja mara nne. Kisha, mbele yangu, akaishika cherehani kwa mikono miwili, akailaza ubavu, akainama, akaitazama chini kwa muda mrefu sana.

Akaisimamisha. Akazungusha gurudumu; likalia kwa ukavu wa miaka mitano.

"Kitako ni kizuri," akasema. "Leta mafuta."